Dar hadi Michoro ya Kondoa na Tarangire kwa SGR na basi: naunganishaje bila gari langu?

Jabali_Jekundu aliuliza:

Wadau, naomba msaada wa wanaoijua njia hii vizuri. Tuko wanne: watu wazima watatu, mmoja wao mama yangu mwenye miaka 67 ambaye goti linamsumbua, pamoja na mtoto wa miaka 9. Tunataka kutoka Dar mwishoni mwa Julai kwenda kuona michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, halafu tupitilize hadi Hifadhi ya Taifa Tarangire. Gari letu dogo haliwezi safari hii, kwa hiyo tunafikiria SGR, treni ya umeme ya reli ya kisasa, hadi Dodoma, kisha basi.

Ninachotaka kujua: SGR inatuacha wapi Dodoma na mabasi ya Kondoa yanapatikana wapi? Kutoka Kolo barabarani hadi kwenye michoro yenyewe watu wanafikaje? Je, mama ataweza kupanda? Kwa Tarangire, gari tulikodi wapi ili tusilipe mara mbili? Na kurudi, tupite Arusha au tugeuze Dodoma? Siku tulizonazo ni nne, tukijibana tano.

---

Reli_na_Lami alijibu:

Karibu sana. Nianze kwa kusema kwamba umbali wenyewe hausumbui kwenye njia hii. Kutoka Dar hadi Dodoma ni reli ya kisasa, na kutoka Dodoma hadi Babati ni lami tupu kilomita 251. Watu hukwama kwenye maungio: stesheni hadi stendi, Kolo hadi mlimani, barabara kuu hadi geti la hifadhi. Ukipanga hayo matatu, zilizobaki ni saa za kukaa kwenye kiti.

Treni. Nauli ya daraja la kawaida Dar–Dodoma iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, huduma ilipoanza mwaka 2024 ni shilingi 31,000 kwa mtu mzima, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu, yaani 15,500. Nyie wanne ni 108,500 kwenda. Treni ya haraka ina nauli yake ya juu, na tofauti ya muda haifiki saa nzima, kwa hiyo kwa familia sioni sababu ya kuilipia isipokuwa kama ndiyo pekee inayotoka asubuhi siku yenu.

Kata tiketi mtandaoni kwenye mfumo wa TRC, shirika la reli. Andaa namba za NIDA (kitambulisho cha taifa) za watu wazima kabla hujaanza, maana jina la kwenye tiketi linatakiwa lifanane na kitambulisho kitakachokaguliwa mlangoni. Mgeni anatumia pasipoti. Mfumo utakupa namba ya malipo, na namba hiyo ina muda wake: ukichelewa kulipa, viti vinarudi sokoni na unaanza upya, pengine mkiwa mmetawanywa mabehewa tofauti. Saa zinazoandikwa kwenye tiketi ni za saa 24. 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi. Wapo wanaosoma "6" wakafika saa sita mchana.

Chagua treni ya asubuhi kabisa. Treni inachukua kati ya saa tatu na nne hadi Dodoma, hivyo ukiondoka alfajiri bado una mchana mzima wa kufika Kondoa kukiwa na mwanga. Ukichukua ya mchana, utalala Dodoma, na siku moja kati ya nne imeliwa. Fika stesheni saa moja na nusu hadi mbili kabla, kwa sababu mizigo inapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege na foleni ya asubuhi ni ndefu. Visu vya kambi na mitungi ya gesi ya jiko dogo usiweke, vitabaki mlangoni. Kama mnaishi upande wa Gongo la Mboto au Chanika, angalieni kama treni yenu inasimama Pugu, msihangaike kuingia mjini.

Acha nafasi kidogo kwenye ratiba. Treni ni ya umeme, na hitilafu kwenye nyaya husimamisha safari. Katika wiki za mwanzo za huduma, mwaka 2024, TRC lenyewe lilitaja ndege na ngedere kuwa chanzo cha mojawapo. Kwa hiyo usimlipe mtu wa gari Kondoa fedha zote ukimwahidi "saa saba kamili nitakuwa hapo".

Dodoma sasa. Stesheni ya SGR iko Mkonze, siyo ile stesheni ya zamani ya mjini kati. Stendi kuu ya mabasi iko Nanenane, Nzuguni, upande wa barabara ya Dar. Maana yake unalivuka jiji lote. Kwa watu wanne wenye mizigo na mama mwenye goti, chukueni teksi au bajaji mbili moja kwa moja hadi Nanenane, mkikubaliana bei kabla ya kupakia mizigo. Tengeni saa nzima kwa kipande hiki. Daladala zipo lakini mtabadilisha mjini, na mabegi yanalipiwa kiti.

Nanenane ulizeni gari la Kondoa au la Babati/Arusha. Kuna mabasi makubwa, Kosta, na Noah za kujaza. Noah inaondoka ikijaa na inakwenda haraka, lakini "ikijaa" ina maana ya watu wengi kuliko viti, na kwa mtu mwenye goti bovu saa tatu mkao ule ni adhabu. Pandeni basi au Kosta. Kondoa ni kama kilomita 160. Kwa viwango vya LATRA vya Desemba 2023, yaani shilingi 48.47 kwa kilomita daraja la kawaida na 67.84 daraja la kati, nauli halali inaangukia karibu 7,800 na 10,900. Hesabu hiyo iweni nayo kichwani, na muulize kama viwango vimebadilika. Mpiga debe akikutajia 20,000, ongeza hatua uende dirishani.

Mwendo ni saa mbili na nusu hadi tatu. Lami ni nzuri, ila basi lina ukomo wa kilomita 80 kwa saa, na kila kijiji ni 50: Makutupora, Mayamaya, Haneti, Kelema, vyote unavipita polepole na askari wa tochi za kupima mwendo wapo.

---

Irangi_Juu alijibu:

Mkuu hapo juu kamaliza reli. Mimi niseme ya Kolo, maana ndiko wengi wanakoishia kurudi wakiwa wameona ofisi na picha za ukutani tu.

Kwanza, muwe na picha sahihi ya eneo. Michoro ya Kondoa iliyoingizwa Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2006 haiko mahali pamoja. Eneo lina kilomita za mraba 2,336, na makadirio ya idadi ya sehemu zenye michoro ni kati ya 150 na 450. Ziko kwenye miteremko ya vilima vya Irangi, ambako kingo za Bonde la Ufa zilipasuka na kuacha majabali yaliyosimama au kuinama. Si mapango ya kuingia na tochi. Unasimama chini ya jabali lililokinga mvua na jua, na michoro iko ukutani mbele yako. Kwa siku moja panga sehemu mbili, zikizidi sana tatu.

Kolo yenyewe iko kwenye barabara kuu, kama kilomita 25 kaskazini ya Kondoa mjini. Ofisi ya mambo ya kale iko hapo hapo kijijini. Hatua ya kwanza, bila kujali mwenyeji wenu amewaambia nini, ni kuingia ofisini, kulipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Hakuna kwenda mlimani bila yeye. Ni sharti, na hata lisingekuwa sharti, njia hazina vibao vya kutosha na utapita mlango wa jabali bila kuliona. Lipeni kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo simu iwe na salio la fedha. Msitegemee wakala wa Kolo kuwa na fedha taslimu nyingi. Toeni za kutosha Kondoa mjini.

Usafiri wa kutoka Kolo hadi Mungomi wa Kolo, sehemu maarufu kuliko zote, ndiyo shida. Ni kama kilomita 10 za njia ya vumbi na mchanga kuelekea mashariki, na inavuka mto wa mchanga. Julai mto ni mkavu, lakini mchanga ni mzito. Gari la chini linazama katikati. Vinavyofaa ni gari lililoinuka lenye kuendesha magurudumu yote manne, au bodaboda kwa watu wepesi. Gari hamlipati Kolo. Likodini Kondoa mjini jioni mnayofika, kwa siku nzima au nusu siku, na mkubaliane mambo manne waziwazi: mafuta ni ya nani, saa za kusubiri mlimani, sehemu gani mtapita, na kama atawafikisha Babati jioni au atawarudisha Kondoa. Bei ikitajwa bila hayo manne ujue itaongezeka mkiwa njiani.

Akisema gari lake "linapita tu", muulize limepita lini mara ya mwisho. Kila baada ya mvua njia hii hubadilika. Udongo wa Irangi unamomonyoka vibaya. Ndiyo sababu mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Mimea imerudi sana, lakini makorongo mekundu bado mtayaona, na hayo makorongo ndiyo yanayokata njia na kumwaga mchanga mtoni. Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, kuna siku Mungomi haifikiki kwa gari lolote.

Kuhusu mama. Kutoka pale gari linapoachwa, Mungomi ni mpando mfupi lakini mkali, wenye mawe yanayoteleza, na hakuna reli ya kushika. Kushuka ni kubaya zaidi kwa goti kuliko kupanda. Kama anapanda ngazi za ghorofa tatu bila kusimama, ataweza taratibu akiwa na fimbo na mtu wa kumshika mkono. Kama hawezi, msimlazimishe: pelekeni familia nzima Pahi kwanza, kwenye majabali ya Lusangi, upande huo huo wa mashariki. Pale mpando si mkali kama wa Mungomi, na michoro mikubwa myeupe imepakwa juu ya myekundu ya zamani, kwa hiyo mtoto ataona kwa macho yake kwamba wachoraji walikuja kwa zamu. Baadaye wenye nguvu wapande Mungomi na mama abaki na dereva kivulini. Mpange hivyo tangu Kondoa, maana inaongeza bei ya gari.

Kule Mungomi mtaona watu wembamba warefu waliochorwa kwa wekundu, wenye vichwa vya ajabu, na lile kundi ambalo wengi hulielezea kama mwanamke anayevutwa na watu kutoka pande mbili. Wapo wanyama pia: twiga, tembo, pofu. Fenga, upande wa magharibi wa barabara kuu, kuna tembo waliozungushiwa kitu kinachoonekana kama mtego. Ni nzuri mno lakini ni mwendo, na kwa safari yenu naiacha.

Adabu ya mahali. Mungomi si makumbusho tu. Ni sehemu ya matambiko ya Warangi, ya kuomba mvua na kuponya, na yanafanyika hadi leo. Mkikuta sadaka chini ya jabali, msiiguse na msipige picha bila kumwuliza mwongozaji. Michoro isiguswe, hata kwa kidole cha mtoto, kwa sababu mafuta na jasho la mkono yanabaki kwenye mwamba. Na kuna tabia mbaya ya zamani ya kumwagia maji ili rangi ing'ae kwenye picha. Maji huyeyusha chumvi za mwamba, yakikauka yanaacha utando mweupe juu ya mchoro, na utando huo hautoki. Mwongozaji akikuletea chupa ya maji kwa ajili hiyo, kataa.

Picha nzuri hutoka bila mmweko (flash) wa kamera, jabali lote likiwa kivulini. Jua likikatiza nusu ya ukuta, simu inachanganyikiwa: upande mmoja mweupe, mwingine mweusi. Subirini au simama mtu mmoja azuie mwanga kwa kanga.

Maji ya kunywa lita mbili kwa kila mtu. Huko juu hakuna duka. Viatu vya kufunga, siyo ndala, kwa sababu ya miiba na nyoka wa mawe.

---

Jabali_Jekundu:

Asanteni sana, hii ni zaidi ya nilichotarajia. Maswali mawili ya nyongeza: tulale Kondoa au Kolo? Na kuna mtu ananiambia nipande basi la moja kwa moja Dar–Kondoa niachane na treni kabisa.

---

Irangi_Juu:

Kondoa mjini. Gesti za kawaida zipo za kutosha, kuna benki, hospitali, na mgahawa hadi usiku. Kolo ni kwa wenye mahema. Ulizeni ofisini wapi pa kupiga kambi. Mkifika Kondoa mapema, mkaone ile chemchemi kubwa ya mjini, haichukui hata saa moja.

---

Kosta_ya_Saa_Kumi alijibu:

Huyo aliyekwambia basi la moja kwa moja hajakosea, nami namuunga mkono nusu. Faida zake ni za kweli: mzigo unapakiwa mara moja, hakuna kulivuka jiji la Dodoma, na gharama ya jumla inashuka ukihesabu teksi za Mkonze hadi Nanenane. Kwa kijana mmoja mwenye begi la mgongoni ningesema panda basi.

Lakini kwa nyie, hapana. Dar hadi Dodoma peke yake kwa basi ni saa nane au tisa, foleni ya Kibaha na Chalinze ikiwemo, halafu unaongeza saa tatu za Kondoa. Mama mwenye goti anakaa saa kumi na mbili miguu ikiwa imekunjwa. Kwenye treni anainuka, anatembea ndani ya behewa, na choo kipo. Hilo la choo watu hawalitaji lakini ndilo linaloamua safari ya wazee na watoto.

Tahadhari moja ya tarehe, na ninaisisitiza. Mmesema mwishoni mwa Julai. Msiache safari iteleze hadi wiki ya kwanza ya Agosti. Maonesho ya wakulima ya Nanenane hufanyika tarehe 1 hadi 8, na viwanja vya Nzuguni viko jirani na hiyo hiyo stendi. Yanapofanyika kitaifa Dodoma, treni zinajaa, gesti zinajaa, na barabara ya stendi inasimama. Treni za kutoka Dodoma Ijumaa jioni pia hujaa Bunge likiwa linaketi, ila Julai mmeepuka la bajeti.

---

Mbuyu_wa_Manyara alijibu:

Nimalizie kipande cha Tarangire na kurudi.

Mkitoka mlimani, kama dereva wa Kondoa hawapeleki Babati, simameni Kolo barabarani. Mabasi ya Dodoma–Arusha na Kosta za Kondoa–Babati hupita hapo. Alasiri huwa machache, na yakifika yamejaa wanaosimama, kwa hiyo msivuke saa tisa mkiwa bado mlimani. Kutoka Kolo hadi Babati ni kama kilomita 70, mnapanda safu ya Bereku kisha mnashuka Bonga. Chukueni sweta, Julai Bereku ni baridi na upepo.

Laleni Babati. Wageni wengi wa Tarangire hutokea Arusha, ndiyo maana mtandao umejaa bei za Arusha. Kwa anayetokea kusini Babati iko karibu zaidi. Geti kuu linafikiwa kwa kukata Kwa Kuchinia, kama kilomita 60 kaskazini ya Babati, kisha kilomita 7 ndani. Lipo pia geti la Sangaiwe upande wa Mwada, ambalo kwa anayetoka Babati linapunguza mwendo. Dereva mzuri wa Babati anajua lipi linafaa siku hiyo, lakini mwanzo wa ziara geti kuu lina faida: linakuweka karibu na mto, na Julai mto ndio kila kitu.

Sababu yake ni hii. Mto Tarangire una maji mwaka mzima wakati mabwawa ya nyanda za Wamaasai yanapokauka. Kuanzia Julai hadi Oktoba wanyama wanasogea mtoni kutoka pande zote, tembo kwanza, kwa makundi makubwa. Mvua zikianza Novemba wanatawanyika tena nje ya mipaka ya hifadhi. Kwa hiyo mwezi mliochagua ni mzuri, ingawa Septemba ni bora zaidi.

Gari. Hifadhini hakuna kutembea kwa miguu kiholela wala bodaboda, na hakuna basi linaloingia. Lazima muwe na gari lenu la siku nzima. Ukiteremka Kwa Kuchinia kwa basi ukitarajia kudandia gari la watalii, utashinda kwenye kibanda cha chai. Kodini Babati, gari lenye paa la kufunguka au angalau madirisha makubwa, mkiuliza haya kabla ya kulipa: je, bei inajumuisha kiingilio cha gari na cha dereva? Hapo ndipo watu hulipa mara mbili. Viingilio ni vya vipande vitatu: watu, gari, na kama mtalala ndani, kambi. Mwambie akuandikie bei bila viingilio, halafu viingilio mlipe wenyewe getini kwa namba ya malipo au kadi. Fedha taslimu getini hazipokelewi. Bei ya raia ni ya shilingi na ni ndogo sana ukilinganisha na ya wageni wanaolipa kwa dola, lakini lazima kitambulisho kionekane, kwa hiyo NIDA zisibaki gesti. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto bebeni nakala. Ongezeni VAT asilimia 18 juu ya bei mtakazoona zimeandikwa, na angalieni jedwali la mwaka wa fedha unaoanza Julai 1, siyo picha ya zamani inayozunguka mitandaoni.

Kibali ni cha saa 24 na kuingia mara moja. Ukitoka kula chakula Kwa Kuchinia ukarudi, unalipa upya. Fungeni chakula kutoka Babati mle kwenye eneo la mapumziko ndani. Na mfunge vizuri, nyani na tumbili wa pale wanafungua mikoba.

Ondokeni Babati saa kumi na moja alfajiri ili muwe getini linapofunguliwa. Wanyama wanaonekana vizuri hadi saa nne, kisha jua linawasukuma kivulini hadi saa kumi. Mchana wa katikati ndio muda wa kwenda kuona mibuyu na kinamasi cha Silale. Dereva asitoke njiani kuelekea kinamasi. Ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaonekana mkavu juu, chini ni tope, na gari likizama mnasubiri trekta.

Mbung'o wapo, hasa mkielekea kusini. Wanavutiwa na rangi ya bluu na nyeusi. Vaeni kaki, kijivu au kahawia, mikono mirefu. Dawa za mbu haziwazuii sana. Dirisha lililofungwa gari likiwa linatembea ndiyo kinga, kwa sababu wanafuata kitu kinachojongea. Kwa malaria, neti na dawa ya kupaka jioni kama kawaida.

Sasa kurudi. Ramani inakuvuta Arusha, kwa sababu iko kama kilomita 105 tu kutoka Kwa Kuchinia. Lakini Arusha–Dar kwa basi ni zaidi ya kilomita 600, siku nzima. Ipo treni ya zamani ya Arusha–Dar iliyorudishwa mwaka 2020, ya usiku na ya siku chache kwa wiki. Ni nzuri kwa mtoto, ila ikipishana na tarehe zenu haina msaada. Nashauri mgeuze: rudini Babati jioni, mlale, asubuhi mpande basi la Dodoma. Mabasi yanayotoka Arusha alfajiri hufika Babati kama saa tatu hadi saa nne asubuhi yakiwa na viti vichache, kwa hiyo tiketi zikatwe jioni iliyotangulia kwenye ofisi za mabasi stendi, au mpande yanayoanzia Babati penyewe. Kilomita 251 ni saa nne hadi tano. Mtafika Nanenane mchana, mnavuka hadi Mkonze, na treni ya kuanzia saa kumi na moja jioni ndiyo ya kukata. Msikate ya saa tisa, hata mwenye basi akiapa.

Hivyo siku zinakaa nne: ya kwanza Dar hadi Kondoa, ya pili Pahi na Mungomi kisha Babati, ya tatu Tarangire, ya nne kurudi. Mkipata ya tano, iwekeni Kolo, siyo Tarangire.

---

Reli_na_Lami:

Naunga mkono ya tano kuwekwa Kolo. Itampa mama siku ya kupumzisha goti, na ikitokea treni imechelewa siku ya kwanza hamtapoteza Mungomi.

Kitu kimoja kilichobaki. Kwenye ramani mtaona Mkungunero na Swagaswaga, mapori ya akiba yanayopakana na Kondoa, na mtu anaweza kuwauzia wazo la kupitia Kinyasi na Mkungunero mtokee Tarangire moja kwa moja, "njia fupi". Mkungunero kweli inapakana na Tarangire kwa kusini. Lakini hayo ni mapori chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, huingii bila kibali chao, hakuna huduma ya usafiri, mtandao wa simu unakatika, na mkitokea upande wa pili mko sehemu ya hifadhi isiyo na geti lenu. Dereva akiitaja hiyo, badilisheni dereva.

---

Jabali_Jekundu:

Nimeelewa. Nakata treni ya alfajiri ya Jumatatu, Pahi kwanza halafu Mungomi, gari la Tarangire kutoka Babati, kurudi Dodoma. Swali la mwisho kabisa: mizigo siku ya Kolo tuiache wapi ikiwa jioni tunaendelea Babati?

---

Irangi_Juu:

Ikae kwenye gari mlilokodi, dereva akibaki nalo. Kama wote mnapanda Mungomi na dereva anataka kupanda pia, iacheni ofisini Kolo mkiwa mnaingia, muombe kwa msimamizi na muchukue mnaporudi. Njia ya kutoka ni hiyo hiyo. Vitambulisho, fedha na dawa za mama mbebe mgongoni.